Rote Grütze nyumbani: hatua kwa hatua, kuanzia dukani hadi mezani

Kila Juni ikiingia, maswali ni yaleyale. Mtu amehamia Ujerumani miezi michache iliyopita, amealikwa kwa wenyeji wake, na mwisho wa chakula akaletewa bakuli la kitu chekundu kilichokolea, cha baridi, kimemwagiwa sosi ya vanila. Amekipenda, ameuliza jina, amekwenda kujaribu jikoni kwake. Imetoka jemu. Au imetoka juisi. Au uji wa pinki wenye mabonge. Ndipo anauliza: ni unga gani ule? Ni matunda gani? Mbona yangu imechuja maji? Majibu nimeyaweka yote hapa, ili nisiyarudie kila mwaka.

Rote Grütze ni kitindamlo cha kaskazini mwa Ujerumani: Schleswig-Holstein, Hamburg, Mecklenburg. Ukivuka mpaka kuingia Denmark unaikuta ileile, wanaiita rødgrød med fløde, na Wadenmaki hawatakuacha uondoke kabla hujalitamka hilo jina wakacheka. Zamani ilipikwa kwa nafaka iliyoparazwa, ikachemshwa ndani ya maji ya matunda. Siku hizi karibu kila mtu anatumia wanga wa mahindi, na wachache wanashikilia sagu. Historia inatosha.

Kabla hujagusa sufuria, shika jambo moja: hii si jemu wala si uji. Jemu hupikwa mpaka tunda livunjike. Uji huachwa utokote. Huku tunda linatakiwa libaki na umbo lake, na ukali wake usizikwe na sukari, kwa sababu utamu unakuja na sosi. Sisi mkono wetu wa sukari ni mzito, tunajijua, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Mahitaji (watu 6)

Ya matunda:

- Karanti nyekundu (pakiti itaandikwa Johannisbeeren), gramu 300 zikishatolewa vikonyo. Ni vitunda vidogo vinavyong'aa, vimejipanga kwenye kikonyo kimoja kama shanga. Ukali wote unatoka kwake. Ukiziacha, umepika kitu kingine.
- Rasiberi (Himbeeren), gramu 300. Hizi ndizo harufu.
- Cheri kali za chupa (Schattenmorellen), chupa moja ya mililita 720. Ukiichuja unapata cheri kama gramu 350, na maji yake mekundu yanayozidi mililita 300. Hayo maji usiyamwage kamwe.
- Sukari ya kawaida, gramu 80, na nyingine kidogo uiweke karibu.
- Wanga wa mahindi (Speisestärke), gramu 40. Bila mizani, ni kama vijiko 4 vya mezani vilivyosawazishwa.
- Sukari ya vanila, pakiti 1 ya gramu 8, au nusu ya kijiti cha vanila halisi.
- Kipande cha ganda la limau, ukipenda.

Ya sosi:

- Maziwa yenye mafuta yake yote (Vollmilch), mililita 500
- Viini vya mayai 2
- Sukari gramu 40
- Wanga uleule, gramu 15
- Nusu ya kijiti cha vanila, au pakiti 1 ya sukari ya vanila

Vyombo: sufuria ya chuma cha pua au ya enameli inayoingia lita 3, sufuria ndogo ya sosi, waya wa kupigia mayai, mwiko, chujio, kikombe cha kupimia, bakuli la kioo au la udongo, na vijiko visivyopungua vitatu vya kuonjea. Hivyo vijiko vitatu sikuviandika kwa mapambo, utaona mbele.

Sufuria ya alumini isiyo na koti ndani, ile nyepesi tuliyoizoea nyumbani, iache kabatini. Ukali wa karanti na cheri unaila alumini: chakula kinachukua ladha ya bati na rangi inafifia.

Dukani: vitu vinavyofanana lakini sivyo

Nusu ya makosa hutokea mbele ya rafu, kabla jiko halijawashwa.

Kosa la kwanza ni Gelierzucker. Inakaa pembeni mwa sukari ya kawaida, na msimu wa matunda wanaipanga kwa mirundo mlangoni, kwa hiyo mgeni anadhani ndiyo inayohitajika. Hiyo ni sukari iliyochanganywa na pektini kwa ajili ya jemu. Ukiitumia utapata jemu, tena tamu kupita kiasi.

La pili ni Soßenbinder. Nayo ni ya kuzitisha, lakini ni ya kuzitisha mchuzi wa nyama. Wewe tafuta neno Speisestärke. Kartoffelstärke, yaani wanga wa viazi, nayo inafaa. Inazitisha haraka na inang'aa zaidi, ila inateleza mdomoni kwa namna ambayo wengine hawaipendi. Ukiitumia, punguza iwe gramu 35. Unga wa ngano usiutie. Sembe ndiyo kabisa usiifikirie.

Ukiona Puddingpulver ya vanila, ujue ndani kuna wanga, harufu na rangi ya njano. Pakiti ya kawaida ni gramu 37, kwa hiyo inaweza kushika nafasi ya wanga bila hesabu ngumu. Wajerumani wengi wanafanya hivyo siku za kazi na hawaoni haya. Ukiitumia, ondoa sukari ya vanila kwenye orodha.

Kwenye vanila, tofautisha Vanillezucker na Vanillinzucker. Ya kwanza ina vanila ya kweli, ya pili ni harufu ya kiwandani. Ukiwa na jamaa anayetoka Uganda au Kagera, mwagize vijiti vichache. Kwa bei za huku, utamshukuru.

Cheri nazo ziko za aina mbili. Süßkirschen ni tamu, za kula hivihivi kwenye mfuko ukitembea. Ukizipika hapa zinapooza. Unazotaka ni Schattenmorellen au Sauerkirschen.

Kwenye friza kuna mifuko ya Beerenmischung, matunda mchanganyiko yaliyogandishwa. Inafaa, na kwa miezi minane ya mwaka ndiyo njia pekee yenye akili. Lakini geuza mfuko usome nyuma. Ikiwa Heidelbeeren, zile za buluu, zimetajwa mwanzo, maana yake ndizo nyingi, na bakuli lako litakuwa la zambarau. Tafuta mfuko unaoanza na Johannisbeeren, Himbeeren au Sauerkirschen.

Mabichi yana msimu wake. Stroberi huanza Mei. Karanti huanza kuiva karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohana, 24 Juni, zikaendelea Julai yote na kuingia Agosti. Cheri kali ni Julai na Agosti. Ukiwa Hamburg, eneo la Altes Land kando ya mto Elbe lina mashamba mengi ya cheri na tufaha. Na yapo mashamba ya kujichumia, bango lao linasema Selbstpflücken: unaingia na chombo, unachuma, unapimiwa mlangoni unapotoka. Unacholipia ni kilicho ndani ya chombo. Kilicho tumboni mwa watoto hakuna anayekipima, ingawa mwenye shamba ana macho.

Hatua za kupika

1. Pima kila kitu kwanza. Wanga ukishaingia kwenye sufuria huna nafasi ya kwenda kutafuta mwiko.

2. Osha matunda, kila moja kwa namna yake. Karanti zioshe zikiwa bado kwenye vikonyo, uzikung'ute maji. Rasiberi usiziweke chini ya bomba, zitasagika. Zitie kwenye bakuli la maji baridi, zizungushe kidogo kwa mkono, zitoe, zitandaze juu ya kitambaa. Ukitumia stroberi, zioshe zikiwa na kofia yake ya majani, ndipo uikate. Ukianza kwa kukata, zinanyonya maji na ladha inaondoka.

3. Toa karanti kwenye vikonyo. Shika kikonyo kwa juu kwa vidole viwili, kiingize katikati ya meno ya uma, kisha vuta uma kuelekea chini. Vitunda vinadondoka bakulini kwa mpigo mmoja. Ukijaribu kimoja kimoja utakesha. Vikibaki vikonyo viwili vitatu vya kijani, vitoe, kwa sababu vinaleta uchungu.

4. Tenga magumu na laini. Bakuli moja cheri na karanti. Bakuli jingine rasiberi, na stroberi kama unazo. Makundi haya mawili hayaingii jikoni kwa wakati mmoja.

5. Chuja cheri na upime maji yake. Unataka mililita 300. Yakipungua, ongeza juisi ya cheri au maji ya kawaida. Kutoka humo chota vijiko 6 vya mezani uviweke kwenye kikombe. Viwe baridi.

6. Koroga wanga ndani ya hivyo vijiko 6 vya maji baridi. Tumia uma mpaka usione punje kavu chini ya kikombe. Hapa ndipo mabonge huzaliwa au huzuiwa. Wanga mkavu ukigusa maji ya moto, nje unapikwa papo hapo na ndani unabaki unga, na hakuna mwiko utakaoupasua. Ukiuacha kikombeni ukafanya mambo mengine, utatuama chini. Ukoroge tena sekunde chache kabla ya kuumimina.

7. Bandika maji yaliyobaki. Tia sukari gramu 80, vanila, ganda la limau na nusu ya karanti. Acha zichemke kwa dakika 3 au 4 mpaka karanti zipasuke. Unafanya hivi ili maji yenyewe yabebe ukali, usibaki ndani ya tunda peke yake. Asiyependa mbegu, wakati wa kuchuja ni huu: pitisha kwenye chujio, kandamiza kwa mgongo wa kijiko, rudisha maji kwenye sufuria. Mimi mbegu naziacha.

8. Epua sufuria, mimina wanga. Toa ganda la limau kwanza. Kisha mkono mmoja umimine taratibu, mkono wa pili ukoroge kwa waya bila kusita. Rudisha jikoni.

9. Chemsha kwa dakika 1 kamili, na uangalie rangi. Mara tu wanga unapoingia, maji yanakuwa na ukungu, pinki ya maziwa, hayapendezi. Usiogope na usiongeze kitu. Endelea kukoroga ukigusa kitako cha sufuria. Yanapoanza kutoa mapovu mazito yanayopasuka polepole, utaona ukungu unaondoka kuanzia pembeni, na wekundu unarudi wenye kina na mng'ao, unaona hadi chini. Hapo ndipo dakika yako inaanza kuhesabiwa. Ukiepua kabla ya mng'ao, chakula kitakuwa na ladha ya unga mbichi na kesho kitakuwa maji.

10. Tia cheri na karanti zilizobaki. Koroga kwa mwiko sasa, weka waya pembeni. Vikianza kuchemka tena, zima.

11. Ondoa sufuria juu ya sahani ya jiko. Hili nawasisitizia waliozoea gesi au mkaa. Majiko mengi ya umeme huku yana sahani inayobaki na moto dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Ukiiacha sufuria pale, upishi unaendelea bila wewe kujua.

12. Ingiza rasiberi mwisho. Zitie zote, zigeuze mara mbili tatu kutoka chini kuja juu. Basi. Joto lililomo linatosha kuzilainisha. Ukikoroga kama unasonga, zitapotea zote na utabaki kuuliza zimekwenda wapi.

13. Onja. Chukua kijiko safi, onja, kiweke kwenye sinki. Ukitaka kuonja tena, chukua kingine. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi sufuriani kinaweza kuyeyusha kazi yako yote usiku kucha ndani ya friji. Hii si imani ya bibi, ni kemia, na ndiyo sababu ya kawaida ya "jana ilikuwa nzito, leo ni juisi". Ladha unayoitafuta ni ukali unaokufanya ukonyeze jicho kidogo, na utamu nyuma yake. Kumbuka baridi hupunguza utamu, kwa hiyo kama ikiwa moto ni kali mno, ongeza kijiko kimoja cha sukari na ukoroge iyeyuke. Kimoja, uonje tena.

14. Poza. Mimina kwenye bakuli. Nyunyiza sukari kidogo juu, au laza karatasi ya nailoni ya jikoni iguse uso wa chakula, ili usifanyike utando. Acha ipoe mezani, kisha iingie kwenye friji kwa saa 4 au zaidi. Usiichokonoe inapoganda. Wanga unashikana ukiwa umetulia. Ukiukoroga katikati, unaachana na haurudi.

Ukitumia matunda ya friza

Gramu 750 za mchanganyiko zinatosha, pamoja na chupa ileile ya cheri. Wanga ongeza uwe gramu 45, kwa sababu tunda lililogandishwa limepasuka ndani na litatoa maji mengi. Usiyayeyushe kwanza, yatie yakiwa bado mawe.

Mpangilio wa hatua unabadilika, na hapa sitanii. Matunda yote ya friza, rasiberi zikiwemo, yaingie kwenye maji ya moto kabla ya wanga na yachemke kweli. Lile la kuingiza rasiberi mwisho moto ukiwa umezimwa ni la matunda mabichi tu. Mwaka 2012, mashariki mwa Ujerumani, karibu watu 11,000, wengi wao watoto wa shule na wa chekechea, walitapika na kuharisha kwa norovirusi. Chanzo kilikuwa stroberi za kugandishwa zilizoagizwa kutoka China na kuandaliwa kwenye chakula cha shule. Baridi ya friza haiui virusi hivyo. Kuchemsha kunaviua. Umbo la tunda litapotea kidogo, na iwe hivyo.

Sosi ya vanila

Tengeneza wakati Grütze inapoa.

1. Pasua kijiti cha vanila kwa urefu, kwangua mbegu zake kwa ncha ya kisu. Tia mbegu na ganda kwenye mililita 400 za maziwa, bandika.
2. Kwenye bakuli, changanya mililita 100 za maziwa baridi zilizobaki na viini, sukari na wanga mpaka viwe laini.
3. Maziwa yakikaribia kuchemka, epua. Chota upawa mmoja wa maziwa ya moto, umimine kwenye viini huku unakoroga. Ukimimina viini moja kwa moja kwenye sufuria ya moto utapata mayai ya kuvuruga.
4. Rudisha mchanganyiko wote sufuriani, moto wa wastani, koroga mpaka uzito uanze na mapovu ya kwanza yatokee. Epua hapohapo, toa ganda la vanila.
5. Poza. Sosi iwe ya kumiminika. Ikizidi uzito ikishapoa, ongeza maziwa baridi kidogo.

Usipotaka kazi hii, fanya kama wazee wengi wa Holstein: krimu ya maji (Schlagsahne isiyopigwa) unaimwaga ilivyo. Au maziwa baridi matupu. Aiskrimu ya vanila nayo wanapenda mikahawani, ila kwangu baridi juu ya baridi inaua harufu ya rasiberi.

Mezani, mpe kila mtu bakuli lake na weka sosi kwenye jagi. Watu hawalingani kwa kiasi cha sosi wanachotaka, na kwenye nyumba za kaskazini ni kawaida kumimina pembeni, wekundu uonekane.

Kuhusu sagu

Baadhi ya nyumba hazitaki wanga wa unga, zinataka sagu, na ladha yake mdomoni ni nyingine kabisa: vipunje laini vinavyoteleza katikati ya matunda. Perlsago inayouzwa Ujerumani mara nyingi imetengenezwa kwa wanga wa viazi, haitoki kwenye mti wa sagu. Tia gramu 50 kwenye maji ya cheri yanayochemka mwanzoni kabisa, badala ya wanga, ongeza mililita 100 za maji, punguza moto na koroga kila mara kwa dakika 15 hadi 20 mpaka punje zisiwe na kiini cheupe. Kisha endelea na hatua ya 10. Sagu inapenda kushika chini, usiiache peke yake.

Gelatini na mvinyo

Wanaoepuka nguruwe na pombe huuliza sana hili, na wana haki. Rote Grütze ya nyumbani, kama hii, haina gelatini. Lakini mapishi mengine yanaitumia, na gelatini ya Ulaya kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye ngozi ya nguruwe. Ya dukani, soma pakiti: tafuta neno Gelatine. Kwenye mikahawa na kwenye nyumba za watu, uliza pia kuhusu Rotwein, kwa sababu wapo wanaotia mvinyo mwekundu badala ya maji ya cheri, na wapo wanaomalizia kwa tone la ramu. Kuuliza si kukosa adabu huku. Mwenyeji atakujibu bila kununa.

Imeharibika? Anza hapa

*Ni majimaji.* Jiulize mambo matatu: ilichemka dakika nzima baada ya wanga? Au uliiacha ikachemka robo saa? Ukali wa matunda pamoja na moto mrefu huvunja wanga, kwa hiyo kuzidisha kunaleta shida ileile ya kupunguza. La tatu ni kijiko cha kuonjea. Dawa: koroga kijiko 1 cha mezani cha wanga kwenye juisi baridi, pasha moto Grütze polepole, mimina, chemsha dakika 1. Kama sababu ni mate, ule moto utakimaliza na kile kimeng'enya. Matunda yatalainika zaidi, lakini imeokoka.

*Ni nzito mno, inakatika kwa kisu.* Ipashe moto mdogo na mililita 50 za juisi, ongeza kidogokidogo. Au iache: zamani ilimiminwa kwenye kalibu, ikaganda, ikapinduliwa juu ya sahani, na wapo wanaoipenda hivyo hadi leo.

*Ina mabonge.* Ukiyaona kwenye hatua ya 9, kabla matunda mengine hayajaingia, pitisha kwenye chujio na uendelee. Ukiyaona baadaye, yaokote kwa kijiko. Usitie mashine ya kusagia, utapata supu.

*Rangi ni ya zambarau au imechakaa.* Za buluu zilikuwa nyingi, au ulitumia alumini. Hairekebishiki, ila ya buluu inalika vizuri tu.

*Siku ya pili kuna maji juu.* Kidogo ni kawaida. Yageuze taratibu au uyamimine kando. Yakiwa mengi, ni kwamba ilikorogwa ikiwa inaganda.

*Ni kali mno na imeshapoa.* Sukari ya kawaida haitayeyuka vizuri, itakwaruza meno. Tumia Puderzucker (sukari ya unga) iliyochujwa, au asali, au ongeza sosi.

*Sosi imekatika, ina punje za yai.* Iepue, ipitishe kwenye chujio haraka ikiwa moto, ipige kwa waya juu ya bakuli la maji baridi.

*Naweza kuigandisha kwenye friza?* Hapana. Wanga wa mahindi ukigandishwa na kuyeyushwa huachia maji na kuwa kama sifongo. Kwenye friji inakaa siku 3 ikiwa imefunikwa, sosi siku 2. Gandisha matunda yenyewe msimu unapokwisha, upike Desemba.

Kama huko uliko hakuna karanti

Nairobi, Arusha au Dar, karanti mbichi usizitarajie sokoni. Stroberi zipo, za Limuru na za Lushoto. Forosadi zipo kwa mwenye mti au jirani mwenye mti. Na kwenye friza za maduka makubwa mara nyingine utakuta matunda mchanganyiko. Kinachokosekana ni ukali, na stroberi peke yake hazina ubavu huo. Tumia choya (rosela): chemsha gramu 20 za choya kavu kwenye mililita 400 za maji kwa dakika 10, chuja, na hayo maji yashike nafasi ya maji ya cheri. Rangi itatoka sawasawa. Forosadi gramu 400 ziingie hatua ya 10, stroberi gramu 400 zilizokatwa vipande viwili ziingie hatua ya 12. Sukari anza na gramu 120, kwa kuwa choya haina utamu wowote, na wanga utie gramu 45. Ukishautia, dakika 1 iwe 1 kweli, kwa maana choya ni kali kuliko cheri na wanga hauvumilii. Mjerumani wa Kiel ataonja, atakuambia hii si Rote Grütze, kisha ataomba aongezewe sosi.